Wiki ya kwanza ugenini: Mtoto ajue lipi dini na lipi mazoea

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Tanga

Mzazi wa Tanga, Muheza au Pangani anapopata habari kwamba mwanawe amechaguliwa kwenda kusoma nje ya nchi, hushughulika kwanza na pasipoti, kisha nauli, kisha nguo za baridi. Siku ya safari inapokaribia husomwa Yasini, shangazi huleta visheti vya njiani, jirani huleta nasaha, na nyumba hufurika watu kama nyumba ya harusi. Yote hayo ni mema. Lakini lipo jambo moja ambalo husahaulika katika pirikapirika hizo, nalo ndilo litakalomkuta mtoto kabla hata hajafungua sanduku lake. Huko aendako, hakuna atakayejua kwamba yeye ni mtoto mwenye adabu, kwa sababu alama za adabu za huko si hizi tulizomfundisha sisi.

Kamati yetu huombwa mara kwa mara barua za utambulisho kwa vijana wanaoomba nafasi za masomo Uturuki, Saudi Arabia, Misri, Sudan, Malaysia na Marekani. Kwa sababu hiyo nimepata fursa ya kukaa barazani na baadhi yao wanaporejea na kuwauliza lipi lilikuwa zito zaidi. Nilitarajia wanitajie mitihani, au baridi, au lugha. Karibu wote walinitajia siku saba za mwanzo.

Makala haya yanazihusu siku hizo saba, na yameandikwa kwa ajili ya wazazi zaidi kuliko watoto. Msafiri ni mmoja, lakini anachokibeba kichwani hukifunga nyumbani kwake.

MARADHI YENYE JINA

Hali inayompata mgeni katika siku zake za mwanzo ina jina katika elimu. Wataalamu huiita mshtuko wa utamaduni. Aliyelieneza jina hilo ni Kalervo Oberg, mtaalamu wa mila za watu mzaliwa wa Kanada, ambaye katika miaka ya 1930 aliwahi kuishi na kufanya utafiti hapa Afrika Mashariki, katika ufalme wa Ankole nchini Uganda. Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1960 alieleza kwamba mshtuko huo hutokana na kupotelewa na alama ndogondogo zinazotuongoza kila siku bila sisi kuzifikiria: lini umpe mtu mkono, useme nini unapokutana naye, lini ukubali mwaliko na lini uukatae. Samaki hafikirii maji mpaka atolewe. Oberg alizitaja pia dalili zake: wasiwasi kuhusu maji na chakula, hasira kwa mambo madogo, na shauku kubwa ya kurudi nyumbani.

Miaka mitano kabla yake, mwaka 1955, mtaalamu wa Norway aitwaye Sverre Lysgaard aliandika kuhusu wasomi wa nchi yake wapatao 200 waliokwenda kusoma Marekani. Aliona kwamba mgeni huanza kwa furaha, kisha huzama katika huzuni, kisha huinuka tena. Lakini utafiti wa Colleen Ward na wenzake, uliochapishwa mwaka 1998 na kuwahusu wanafunzi wa Kijapani nchini New Zealand, ulionyesha sura nyingine: dhiki ilikuwa kubwa zaidi mwanzoni kabisa, pale walipoingia, kisha ikapungua kadiri siku zilivyokwenda. Wengi wa vijana niliozungumza nao wanakubaliana na utafiti huu wa pili. Furaha waliiacha uwanja wa ndege.

Kwa hiyo mzazi asikiapo sauti ya kilio katika simu usiku wa tatu au wa nne, asikimbilie kudhani kwamba mwanawe ni dhaifu, wala kwamba imani yake imetetereka, wala kwamba wenyeji wake ni watu wabaya. Huenda hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

HATA WAKUBWA WALILIA

Yuko kijana mmoja wa Kiislamu aliyetoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, kwa nia ya kuhiji na kutafuta elimu. Alipofika Tunis pamoja na msafara, watu wa mji walitoka kuwapokea jamaa na marafiki zao, wakisalimiana na kuulizana hali. Yeye hakuwa na wa kumsalimu, kwa kuwa hakujulikana na mtu. Amesimulia mwenyewe kwamba upweke ulimzidi, akashindwa kuyazuia machozi, hadi mmoja wa mahujaji alipotambua linalomliza, akamkaribia, akamsalimu na kuendelea kumliwaza mpaka wakaingia mjini. Kijana huyo ni Ibn Battuta. Miaka sita baadaye, mwaka 1331, alikuwa katika pwani yetu hii, akitua Mombasa na kisha Kilwa, na kuandika kwa utulivu namna watu wa huku walivyokula, walivyovaa na walivyotawadha miguu kabla ya kuingia msikitini. Yule aliyelia Tunis ndiye aliyekuja kuwa msafiri mkubwa wa zama zake. Kilichomvusha siku ile ni salamu ya mtu mmoja.

Na tukirudi nyuma zaidi, sira ya Mtume (S.A.W.) inatufundisha kwamba Muhajirina walipofika Madina walipata homa na unyonge wa kuukumbuka mji wao. Sayyidna Bilali (R.A.) alikuwa akitaja kwa huzuni mabonde ya Makka na majani yaotayo huko. Mtume (S.A.W.) hakuwakemea. Alimwomba Allah (S.W.) awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Kisha akafunga udugu baina yao na Ansari, na Abdurrahman bin Auf, aliponyooshewa mkono wa ukarimu na Saad bin Rabii, alimwombea dua ndugu yake huyo na kumtaka amwonyeshe lilipo soko. Tunapata hapo mambo matatu: huzuni ya kwao haikuhesabiwa kuwa aibu, mwenyeji alipewa nafasi ya kuwa ndugu, na mgeni alitafuta njia ya kujitegemea. Kila anayeandaa mtoto kwa safari anaweza kuanzia hapo.

SIKU SABA ZA BINTI WA NGAMIANI

Upo mpango wa kubadilishana wanafunzi unaojulikana kwa majina ya maseneta Kennedy na Lugar, ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2002. Huchukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye idadi kubwa ya Waislamu, Tanzania ikiwemo, wakakae na familia mwenyeji na kusoma kwa mwaka mmoja. Ipo pia mipango mingine ya namna hiyo. Binti mmoja wa Ngamiani, aliyekwenda Marekani kwa njia kama hiyo, alinisimulia siku zake za kwanza mbele ya mama yake, kwa sharti la kutotajwa jina.

Usiku wa kwanza aliulizwa na mama mwenyeji kama ana njaa. Alijibu "Hapana, asante," kama alivyolelewa. Kwetu mgeni hukataa mara ya kwanza, mwenyeji humsihi, mgeni hukataa tena kwa sauti ndogo zaidi, mwenyeji hukasirika kwa upendo, ndipo sahani husogezwa. Mama yule alitabasamu, akaondoa vyombo mezani, akamtakia usiku mwema. Binti alilala na njaa, akiamini kwamba ameingia katika nyumba ya watu wasio na ukarimu. Kumbe katika nyumba ile neno "hapana" maana yake ni hapana, na kumshurutisha mtu aliyekwisha kukataa ndiko kungekuwa utovu wa heshima. Kila mmoja alimfanyia mwenziwe adabu, na wote wawili wakalala na dhana mbaya.

Asubuhi alitaka kumwamkia. Hakuna "shikamoo" katika Kiingereza. Mama yule, mtu wa makamo, alimtaka amwite kwa jina lake tu. Ulimi ulikataa. Kwa siku nne binti hakumwita kwa neno lolote. Akiwa na haja naye, alisimama mlangoni akingoja atazamwe. Shuleni, mwalimu alipomsemesha, aliinamisha macho kama binti aliyefunzwa, na mwalimu akadhani ana jambo analolificha. Njiani mtu alimuuliza "Habari yako?" kwa Kiingereza, naye akasimama kujibu habari ya kwake na ya nyumbani, alipoinua uso, muulizaji alikwisha kupita.

Yapo pia mambo ambayo wasichana na wavulana wetu huona haya kuyasema, na kwa kutosemwa huwaumiza. Msalani hakukuwa na kopo wala bomba la maji, karatasi tu. Alitumia chupa tupu ya maji ya kunywa, akiificha ndani ya mkoba kama mtu aliyeiba. Ndani ya nyumba mlikuwa na mbwa, anayelala juu ya zulia na kumlamba kila aingiaye. Kwa mtoto aliyesomeshwa fiqhi ya Imam Shafii, kwamba mbwa ni najisi nzito na kwamba kilichopatwa na mate yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo, hilo lilikuwa jambo la kumkosesha swala. Na kimya cha alfajiri kilimtisha kuliko vyote. Katika maisha yake hakuwahi kuamka pasina adhana, kwa sababu Ngamiani adhana za misikiti hupokezana kutoka barabara hadi barabara.

Hata mbingu ilibadilika. Sisi wa Tanga tunaelekea kaskazini tunaposwali, karibu moja kwa moja, kwa kuwa Makka iko juu yetu katika ramani. Katika miji ya mashariki mwa Marekani kibla ni upande wa kaskazini mashariki. Istanbul ni kusini mashariki. Kuala Lumpur ni magharibi, kwa kupinda kidogo kaskazini. Kwetu magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Mjini Boston, mwishoni mwa Agosti, jua huzama baada ya saa moja na robo jioni, na katikati ya Desemba huzama karibu na saa kumi na robo alasiri. Na saa zenyewe: Tanga iko mbele ya miji hiyo kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na saa nane wakati wa baridi, juu ya hilo sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko na wao kuanzia usiku wa manane. Mama alipomwambia bintiye, "Nitakupigia saa mbili usiku," walikoseana siku mbili mfululizo, kila mmoja akiwa na saa mbili yake, na kila mmoja akadhani mwenziwe amemsahau.

Usiku wa nne alipiga simu akilia. Mama naye akalia. Baba akasema aandike barua arudishwe. Mjomba wake, aliyewahi kusoma Khartoum, ndiye aliyewazuia: aliomba zipite Ijumaa mbili kwanza, na kwamba mtoto aulizwe swali moja tu, je, umewaeleza wenyeji wako? Hakuwa amewaeleza. Siku ya pili yake alimwambia mama mwenyeji kwamba kwao kukataa chakula ni adabu, na kwamba tangu afike hajashiba hata siku moja. Mama yule alishika kichwa kwa masikitiko, akamfungulia jokofu na kumwambia kwamba kila kilichomo ni chake bila kuomba. Akamweleza pia habari ya maji, mbwa na swala. Kabla ya magharibi kilipatikana kikopo cha kumwagilia maua kwa ajili ya msalani, na mbwa akazuiwa kuingia chumbani kwake kwa mwaka mzima. Mwanamke yule alikuwa akingoja tu kuambiwa.

NCHI ZA KIISLAMU NAKO

Asidhani mzazi kwamba haya ni ya Ulaya na Marekani peke yake. Kijana aliyemaliza Ajurrumiyya madrasani hapa Tanga, akasifiwa kwa irabu, hutua Cairo na kukuta dereva wa teksi hamwelewi wala haeleweki. Jimu hutamkwa "ga", na neno la "sasa" alilolisoma kitabuni halimo mdomoni mwa mtu. Aibu inayompata ni kubwa, kwa sababu alikwenda akijiona mjuzi wa Kiarabu.

Aendaye Istanbul hukuta msikiti mzuri uliojaa watu, na bado akajihisi mgeni ndani ya safu. Huko ni madhehebu ya Imam Abu Hanifa: hakuna kunuti ya Subhi tuliyoizoea, "amin" husemwa kimoyomoyo, na mikono haiinuliwi wakati wa kurukuu. Aendaye Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, hukuta hakuna maulidi wala kunuti ya kila alfajiri. Asiyeandaliwa hufanya moja kati ya mawili. Ama huwaona wenyeji wote wamepotea, akaswali chumbani peke yake. Au huona kwamba wazee wake wa Tanga ndio waliopotea, akarudi baada ya miaka minne kuwagombeza babu zake msikitini. Sisi wa kamati za misikiti tunalijua jeraha hilo la pili. Mwanzo wake mara nyingi si chuoni. Mwanzo wake ni mtoto kutofundishwa nyumbani kwamba Waislamu wana madhehebu zaidi ya moja, na kwamba maimamu wale walitofautiana wakaheshimiana.

VIFURUSHI VITATU

Katika mji kama wetu dini na mazoea vimeshonwa pamoja kwa muda mrefu, hata mshono hauonekani. Mtoto huvaa kanzu, husalimia wakubwa, hula kwa mkono wa kulia, hufunga Ramadhani, hupenda wali wa nazi, na yote hayo kwake ni "Uislamu". Ugenini mshono hufumuka katika wiki ya kwanza. Asiyejua kipi ni kipi hushikilia vyote mpaka achoke, kisha siku moja huviacha vyote kwa pamoja. Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mtoto aliyeambiwa kwamba kula kwa kijiko ni kuiga makafiri, atakapozoea kijiko atajiona amekwisha kuvuka mpaka, na mipaka ya kweli haitamzuia tena.

Kwa hiyo mzazi akae na mwanawe kabla ya safari, wafunge vifurushi vitatu.

Cha kwanza ni dini isiyobadilika kwa mahali: swala tano, chakula cha halali, stara, kujiepusha na ulevi na zinaa, ukweli na uaminifu. Hapa mtoto asiwe na haya. Ajifunze kusema kwa upole na kwa uwazi, "Dini yangu hainiruhusu," badala ya kutafuta visingizio vya tumbo kuuma. Ajue majina ambayo nguruwe huitwa katika vyakula vya huko, kama pork, ham na bacon, na mafuta yake yaitwayo lard, na ajue kwamba jelatini iliyomo katika peremende nyingi huweza kuwa imetokana na mnyama huyo. Ajue kwamba sheria ya Marekani haimkatazi mwanafunzi kuswali kwa nafsi yake shuleni katika muda usio wa darasa. Aombe mahali patulivu mapema, hasa kwa ajili ya miezi ya baridi ambapo adhuhuri huisha kabla ya kengele ya kutoka. Na ajue hukumu ya safari yake. Njiani ana rukhsa ya kupunguza na kukusanya swala, lakini kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, huacha kuwa msafiri mara afikapo, akaswali swala timamu. Wapo vijana waliopunguza swala muhula mzima kwa kutolijua hili.

Cha pili ni mazoea: namna ya kusalimia, kula kwa mkono au kwa kijiko, kukaa mkekani au kitini, kuinamisha macho au kuyainua, kukataa chakula kwanza, kumwita mkubwa kwa jina lake. Hapa mtoto na awe mwepesi. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Wapo wasemao "vunja", lakini mimi nashika "fumba", kwa kuwa jicho lililofumbwa hufumbuliwa tena siku ya kurudi. Kumtazama mwalimu usoni Boston hakumwondolei mtu haya zake Tanga. Na mvulana aliyelelewa bila kushika sufuria ajue kwamba huko ataosha vyombo na kutoa taka zamu kwa zamu na watoto wa nyumba. Asione amedharauliwa, amehesabiwa kuwa mwana wa nyumba. Na Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake.

Cha tatu ni mambo yanayohitaji kuulizwa kwa mwenye elimu, kwa sababu dini imo na hali za mahali zimo. Habari ya mbwa ni mfano mzuri. Mwalimu wa madrasa angalimweleza binti yule mapema kwamba kikavu hakinajisishi kikavu, kwamba kinachohitaji kuoshwa ni kile kilichopatwa na unyevu wa mbwa, na kwamba katika madhehebu ya Imam Malik mbwa aliye hai ni twahara, jambo ambalo mwenye dhiki anaweza kumuuliza sheikh wake juu yake. Kupeana mikono na wasio maharimu ni mfano mwingine. Mkono juu ya kifua pamoja na tabasamu na neno moja la maelezo hutosha, na wenyeji wengi hulipokea vizuri likisemwa siku ya kwanza kuliko likigunduliwa siku ya kumi. Maswali haya yaandikwe katika daftari na kupelekwa kwa sheikh wiki mbili kabla ya safari, na namba ya simu ya sheikh iwemo katika daftari hilohilo.

UGENI NA DHARAU SI KITU KIMOJA

Watu wa pwani hii hawakuanza jana kufika Ulaya. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1891 hadi 1895, na maelezo ya maisha yake, pamoja na aliyoyaona katika jiji lile, yalichapishwa mwaka 1894. Mwaka 1900 alifuata Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, naye akafundisha katika chuo hichohicho cha lugha za Mashariki. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho yeye ndiye mchangiaji wake mkuu, kilitoka mwaka 1903 akiwa huko. Kazi ya watu hawa ilikuwa kuwaeleza wageni, neno kwa neno, mambo ambayo kwetu hakuna mtu aliyehitaji kuyaeleza. Anayelazimika kumweleza mwingine mila yake huanza kuiona, na hiyo ni faida ambayo mwanafunzi wa leo pia huipata, akijua kuitafuta.

Lakini habari ya Mtoro ina upande mchungu. Alioa Mjerumani, na mwaka 1905 aliporejea naye nyumbani, wenye mamlaka ya kikoloni Dar es Salaam walimkatalia mkewe kushuka melini, ikawabidi kurudi Ujerumani. Huko alifariki mwaka 1927. Huo haukuwa mshtuko wa utamaduni. Ulikuwa ubaguzi wa rangi, wala subira na uzoevu visingeuondoa.

Mtoto afunzwe tofauti hiyo. Akiulizwa kama kwao kuna simba barabarani, huo ni ujinga, na ujinga hutibiwa kwa jibu jema. Mgeni ni kuku mweupe, hutazamwa tu. Lakini akivutwa mtandio, akitukanwa kwa rangi au dini yake, akiguswa asipotaka, au akilazimishwa kula au kunywa haramu, hilo si la kuvumilia kwa jina la ugeni. Amweleze mwalimu na msimamizi wa mpango siku hiyohiyo, na mzazi aandike. Katika mipango mingi mwanafunzi huweza kuomba kubadilishiwa familia, na kuomba huko si utovu wa shukrani.

SIMU YA MZAZI

Imebaki kazi ya nyumbani katika wiki yenyewe. Zamani barua ilichukua majuma, na mpaka ifike, huzuni iliyoiandika ilikwisha kupoa. Leo machozi ya usiku wa nne yanafika Ngamiani yakiwa bado ya moto, na jibu la mama linarudi kabla mtoto hajajifuta uso. Neema hiyo itumiwe kwa hekima.

Kubalianeni saa ya kuzungumza, na mwandike saa ya huku na saa ya huko katika karatasi moja iliyobandikwa ukutani. Mara moja kwa siku inatosha. Mtoto anayeshinda katika simu ya kwao hajafika alikokwenda. Usimuulize kama anatukumbuka, maana swali hilo lina jibu moja tu. Muulize umekula nini, umeswali wapi, na nani amekusalimia leo kwa jina lako. Jibu la swali hili la mwisho litakuonyesha hali yake kuliko picha anazotuma. Usimhesabie mbele ya ndugu waliojazana sebuleni makosa aliyoyafanya, wala usimtishe kwa aibu ya kurudi. Mtoto anayeogopa kuwahuzunisha wazazi huanza kuwaambia yale tu wanayotaka kuyasikia, na akishazoea hivyo, hata penye hatari ya kweli hatasema.

Usiamue kumrudisha ndani ya wiki ya kwanza kwa sababu ya machozi peke yake. Amua mara moja ukisikia khatari: hali kabisa, halali siku nyingi mfululizo, amenyamaza asiyekuwa mnyamavu, au anamwogopa mtu ndani ya nyumba. Hapo subira haina nafasi. Na aliyerudi kwa sababu kama hizo apokewe kwa dua zilezile alizosindikizwa nazo, bila masimango.

Nasi tuliobaki tuna wajibu wetu. Katika kila mji wetu wapo waliokwisha kutangulia na kurejea. Kamati za misikiti na walimu wa madrasa waweza kuwakutanisha na wanaojiandaa kuondoka, hata kwa alasiri moja tu baada ya swala, wakae mkekani waulizane habari ya kopo, ya mbwa, ya jokofu na ya saa. Gharama yake ni kahawa na tende. Yule hujaji wa msafara wa Tunis hakuwa na zaidi ya salamu, na salamu hiyo ilimtosha kijana wa miaka 21.

Allah (S.W.) ametukumbusha katika Suratul Hujurat, aya ya 13, kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana kuna siku zake za kwanza, na siku hizo ni nzito. Tumwombe awalinde watoto wetu walio mbali, awape wenyeji wema, na awarejeshe wakiwa na dini yao, elimu yao na adabu zao.

Wabillahi tawfiq.